Migongo Mingi, Uso Mmoja

Dakika kumi tu. Ndivyo nilivyomwambia jirani yangu pale kwenye nyumba za askari, nikamwomba aniangalizie maharagwe jikoni, nikamfunga mwanangu Tusiime mgongoni, nikatoka. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua limeshakaa juu ya vilima vya Kongo, na mvua inanukia kutoka Rwenzori. Naenda studio, naweka video moja kwenye flashi, narudi. Basi. Watu wa kijiji cha Karambi wangekuja kuichukua asubuhi na mapema.

Ilikuwa video ya mazishi. Niseme kabisa kwamba mimi siogopi mazishi. Naitwa Amony, mtu wa Gulu, nimeolewa na askari, Byamukama, na mke wa askari akiogopa habari za kifo ataishi vipi? Nilisoma mpaka sinia foo, yaani kidato cha nne, nikajifunza kompyuta miezi sita, na tangu mwaka jana namfanyia kazi Benon, mwenye studio ndogo hapa Bwera, kwenye barabara ya kushuka Mpondwe. Yeye anapiga picha, mimi naediti. Harusi, ubatizo, mazishi. Zaidi mazishi.

Siku hiyo Benon alikuwa ameenda Kasese kutafuta kifaa cha kuhifadhia video, akaniachia funguo.

Marehemu wa video hiyo aliitwa Kabugho. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kama mimi. Aliacha mtoto wa miezi minne, msichana, Erina. Na Tusiime wangu ana miezi minne. Sasa unaelewa kwa nini video ile niliiediti nikiwa nimeangalia pembeni, nakata hapa, naunga pale, sitazami sana. Sehemu moja tu ilikuwa imebaki, ile ya katikati, nilitakiwa kuipitia mara moja kabla ya kuitoa.

Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikawasha laptopu. Tusiime alikuwa amelala, namsikia pumzi yake shingoni. Nikabonyeza.

Ikaenda vizuri. Nyimbo. Mchungaji. Shangazi anaanguka, wanamshika. Ikafika dakika ya kumi na nne.

Ikakwama.

Picha inaruka, inasimama, inaruka. Sauti inakatikakatika kama mtu anayeongea huku anatikiswa mabega. Mtu yeyote anayeediti anajua jambo hili, kompyuta imechoka, video ni nzito, fremu zinaanguka njiani. Si ajabu. Nikafunga programu nyingine zote, nikazima intaneti, nikarudisha nyuma, nikabonyeza tena.

Dakika ya kumi na nne. Palepale.

Hapo lazima nieleze ni sehemu gani ya mazishi, kwa sababu mimi nilikuwepo Jumamosi ile, nilikwenda kumshikia Benon maiki, mtoto mgongoni. Jeneza lilikuwa uani, wazi, watu wameshaaga. Kisha mama mkwe wa marehemu, wanamwita Mama Asanasio, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge cheusi, akapiga makofi mara mbili, na watu wote wakageuka. Wote. Wakaligeuzia jeneza migongo. Hakuna kulia, hakuna kukohoa. Benon alinivuta mkono, akaninong'oneza, "Geuka, geuka, ni mila ya kwao hiyo." Nikageuka. Nikatazama ukuta wa jiko kwa muda wa kama dakika mbili, kisha makofi tena, tukageuka, jeneza limefungwa.

Na kabla ya hapo, karibu saa nzima kabla, kuna jambo dogo. Dogo kabisa. Mama Asanasio alinifuata nyuma ya nyumba nikinyonyesha.

"Mama," aliniambia, "unipe kitambaa ya mutoto. Ya mutoto wetu yote imelowa."

Nilikuwa na kitambaa cha njano chenye picha za bata. Nilivinunua viwili soko la Mpondwe, vinafanana. Nikampa kile nilichomfunikia Tusiime. Nilikuwa nimemsikia mtoto wao akilia chumba cha nyuma, na ni yatima, nani angekataa?

Akakinusa. Niliona akikinusa, nikadhani anaangalia kama ni kisafi.

"Anaitwa nani, huyu?"

"Tusiime."

"Tusiime," alisema polepole. "Jina muzuri."

Basi. Hilo ndilo jambo.

Nikampigia Benon simu. "Hii video ya Karambi inakatakata. Haiendi."

"Umeshusha ubora wa picha?"

"Bado."

"Ushushe, Mama Tusiime. Weka nusu. Ikikataa, weka robo. Hiyo kompyuta ni mzee, usimtwishe gunia zima."

"Unarudi saa ngapi?"

"Huku Kasese mvua iko inanyesha kama imetumwa. Nitalala kwa kaka yangu. Nawe maliza, ufunge, uende."

Nikaweka nusu. Ubora ukishuka picha inapoteza makali kidogo, lakini inateleza, na wewe unaweza kufanya kazi. Nikabonyeza. Uani, Karambi. Migongo. Kofia, mashati, vitenge, mimi mwenyewe pembeni na bonge la mtoto mgongoni. Kamera ilikuwa imesimama kwenye miguu yake mitatu, Benon hakuizima. Sote tuligeuka. Kamera haikugeuka.

Na huko nyuma, kwenye migomba, mtu mmoja hakuwa ameonyesha mgongo.

Mwanamke. Amevaa nyeupe. Anatazama kamera.

Nikafikiri, huyu amesahau kugeuka. Au ni mgeni kama mimi. Video ikateleza sekunde mbili tatu, ikakwama.

Nikaweka robo.

Mnajua robo inavyokuwa. Kila kitu kinakuwa vibokisi vibokisi, nyuso hazijulikani, nguo zinakuwa kama zilizolowekwa kwenye beseni moja. Migongo yote ikawa ukungu. Jeneza likawa bonge la kahawia. Mama Asanasio aliyeinamia jeneza akawa doa jeusi.

Mwanamke wa migombani hakuwa ukungu.

Alikuwa safi. Safi kuliko video yenyewe. Ningeweza kuhesabu kope zake. Na hakuwa tena kwenye migomba, alikuwa mbele zaidi, kwenye pipa la maji.

Nikasogeza kiti nyuma. Nikajiambia ni dada yake. Watu wana madada. Kwa sababu uso ule niliujua, nilikuwa nimeuunganisha mwenyewe mwanzoni mwa video, picha ya marehemu kwenye fremu ya maua, meno ya mbele yameachana kidogo, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto.

Kovu lilikuwepo.

Mbele yake jeneza liko wazi, na ndani ya jeneza ni yeye.

Ningefunga. Najua mnasema hivyo, mbona hakufunga, mbona hakukimbia. Hata mimi ningesema. Lakini wakati ule ilikuwa imekwama, na sauti ilikuwa inatoka vipande vipande kwenye spika, sauti ya Mama Asanasio akinong'ona, akiwa anamwongelesha marehemu ndani ya jeneza. Alikuwa anatumia Kiswahili, kwa sababu Kabugho alikulia Beni, mjini, upande wa Kongo, na pale nyumbani waliongea naye hivyo.

"Shi... ka... mu... to..."

Inakatika. Inaruka.

"...yake... ni... Tu..."

Inakatika.

"...si..."

Nikasogeza sikio karibu na spika.

Tusiime akaamka mgongoni. Hakulia. Alipata kwikwi. Moja... kimya... mbili... kimya. Nikasikiliza. Ilikuwa ikienda pamoja na video. Video ikikwama, anakwama. Ikiruka, anaruka. Nikamgeuza mbele, nikamtazama. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye kioo cha laptopu.

Lazima nisikie jina lile lote. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani. Kama ni jina la mwanangu, nijue. Kama siyo, nicheke, niende nyumbani.

Nikafuta mafaili ya muda, yale takataka ambayo programu inajikusanyia mpaka inashindwa kupumua. Nikabonyeza. Ikateleza kidogo zaidi. Amepita pipa. Amefika kwenye safu ya nyuma ya watu. Ikakwama, naye akakwama, mguu mmoja hewani.

Ndipo nilipoanza kunusa. Utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi, na udongo. Udongo wa chini, ule wa baridi, usio na mizizi. Ndani ya studio yenye sakafu ya saruji.

Njia iliyobaki ni moja. Unaiambia programu ikutengenezee nakala nyepesi, video ileile lakini ndogo, nayo ukiicheza haikwami hata kwenye kompyuta mzee. Nikaiagiza. Mstari ukaanza kujaa. Asilimia kumi. Ishirini. Mvua ikaanguka juu ya mabati kwa mara moja, kama mtu amemwaga gunia la kokoto. Nikamrudisha Tusiime mgongoni, nikakaza kitenge cha kumbebea mara mbili, nikafunga fundo kifuani. Asilimia tisini.

Tayari.

Nikabonyeza.

Ikateleza. Oo, iliteleza kama mafuta, sikuwahi kuona video inateleza vile kwenye kompyuta yetu, na sauti ikatoka nzima.

"Kabugho, binti yangu. Shika mutoto wako. Iko hapa kwa kifua yako. Sikia harufu yake. Jina yake ni Tusiime."

Nikaona mikono ya Mama Asanasio sasa. Alikuwa ameshika ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, limefungwa kwenye kitambaa cha njano chenye bata. Akalilaza kwenye kifua cha maiti, akalifunika vizuri, kama unavyomfunika mtoto.

"Ukiamuka umukose, fuata harufu. Usikuje kwetu. Kwetu hauna mutu."

Na nyuma yake Kabugho anatembea.

Anapita katikati ya migongo. Hamgusi mtu. Mtu mmoja alijikuna shingo alipopitiwa. Akanifikia na mimi, mimi wa kwenye video, nikiwa natazama ukuta kama mjinga, akasimama nyuma yangu, akainama, akanusa mgongo wangu.

Kisha akainua kichwa akatazama kamera. Akaja. Uso ukajaa dirisha la video. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mama aliyesikia mtoto analia chumba cha pili.

Mgongo wangu ukawa mwepesi.

Sijui nielezeje. Wewe uliyebeba mtoto unajua uzito unavyokaa, unavyovuta fundo hapa kifuani. Fundo lililegea. Sikulifungua mimi. Uzito ulikuwa unapanda, taratibu, kwa adabu, kama jirani mwema anapokuambia, lete nikusaidie, umechoka.

"Wacha," nilisema.

Nikapiga kitufe cha kusimamisha. Haikusimama. Nikapiga tena na tena. Anakuja tu. Na mkono wangu wenyewe, si akili, mkono, ukaenda ukaizima ile nakala nyepesi, ukarudisha ubora mzima. Gunia zima juu ya mzee.

Ikakwama.

Uzito ukarudi mgongoni kwa kishindo, nikaanguka juu ya meza. Tusiime akatoa kilio kimoja, kikakatika, kikaanza, kikakatika. Yuko. Nikamgusa mguu. Baridi. Lakini yuko.

Uso ulikuwa umejaa kioo, macho nusu yamefumba, umeganda. Kila sekunde chache fremu moja inaponyoka na kope zinasogea.

Simu. Napiga, nakosea, napiga.

"Benon. Kile kitambaa wanachoweka kwenye jeneza. Ni cha nani?"

"Eh! Nani amekuambia hiyo?"

"Benon!"

Akashusha sauti. "Ni ya kwao, mimi ni mtu wa Ntungamo, ninasikia tu. Mama akiacha mutoto wa kunyonya, wanamupa ua ya mugomba, wanaifunga na kitambaa ya mutoto mwenyewe, aende akijua amebeba mutoto wake. Watu wanageuka ili macho zao zisimuambie kwamba ni uongo. Ndiyo hiyo tu."

"Na kikiwa kitambaa cha mtoto mwingine?"

Nasikia mvua ya Kasese kwenye simu na mvua ya Bwera juu ya kichwa.

"Kwa nini iwe ya mwingine?"

"Benon, kamera haikugeuka. Mimi nimeicheza hiyo video. Nimemwonyesha kwamba ni ua."

"Amony... uko wapi? Uko umeizima?"

"Imekwama. Yuko hapa kwenye kioo."

"Usizime," akasema haraka. "Usizime sasa. Ukizima haujui amesimama wapi."

Na mtandao ukakata. Na umeme wa Bwera, mnaujua umeme wa Bwera mvua ikinyesha, ukaondoka.

Giza. Mwanga wa laptopu peke yake, na uso ule. Betri yetu tangu izaliwe haijawahi kupita dakika kumi na tano. Kona ya chini ilisema asilimia kumi na moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengine watanihukumu.

Mimi si mganga. Sijui dawa. Kitu ninachokijua ni kuediti. Na nikafikiri, huyu mwanamke hana ubaya. Ameambiwa neno la uongo katika dakika hii moja, na yuko ndani ya dakika hii, hawezi kusikia jingine. Basi nibadilishe dakika.

Nikaitenga sauti na picha. Nikaikata sauti ya Mama Asanasio kuanzia "Kabugho" mpaka "hauna mutu", nikaifuta. Nikachomeka maiki. Nikainama karibu na kioo, karibu na uso ule mpaka pua yangu ikasikia ubaridi wake, nikanong'ona, Tusiime akikwamakwama mgongoni.

"Kabugho, dada. Mimi ni Amony. Walikudanganya. Hicho ulichopewa ni ua. Kitambaa ni cha mwanangu, na huyu hapa ni wangu, nilimzaa mwenyewe, umwache. Mtoto wako ni Erina. Yuko Karambi, nyumbani kwa mama mkwe wako, chumba cha nyuma. Walimficha usimwone. Nenda kwake."

Nenda kwake. Nilisema hivyo. Ningeweza kusema pumzika. Ningeweza kusema nenda kwa Mungu. Nilikuwa na asilimia sita.

Nikaiweka sauti yangu chini ya picha. Nikarudisha nakala nyepesi. Nikamshika Tusiime miguu yote miwili kwa mikono ya nyuma, nikabonyeza kwa kiwiko.

Ikateleza.

Uso ulisogea. Fundo likaanza kulegea tena, uzito unapanda, na mimi navuta miguu chini, navuta, na sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye spika, ngeni, ya mwizi. Walikudanganya. Hicho ulichopewa ni ua. Akaendelea. Huyu hapa ni wangu. Akaendelea kuvuta.

Mtoto wako ni Erina.

Akaacha.

Alikaa hivyo... sijui muda gani. Midomo yake ikafanya jina lile bila sauti. Akatazama chini, kwenye jeneza, akatazama kile kifurushi cha njano. Halafu akageuka.

Akatugeuzia mgongo. Migongo yote sasa ilikuwa imetimia.

Akaondoka kupitia kwa watu, akapita pipa, akaingia kwenye migomba upande wa nyumba. Majani yakatikisika baada yake. Makofi mawili, watu wakageuka, mimi wa kwenye video nikarekebisha mtoto mgongoni. Video ikaendelea, haikukwama hata mara moja mpaka ilipomaliza kujinakili kwenye flashi niliyokuwa nimeichomeka, na laptopu ikazima.

Nilikimbia nyumbani kwenye mvua. Maharagwe yalikuwa yameungua, jirani ananigombeza. "Dakika kumi za kwenu Gulu ni ndefu hivi?" Nikakaa chini nikanyonyesha. Tusiime akanyonya kama mtu aliyetoka safari. Kwikwi imekwisha. Nikamhesabu vidole.

Asubuhi Asanasio, mume wa marehemu, alipita na pikipiki. Nikampa flashi. Sikuifungua tena, sikurudisha sauti ya zamani. Nikamuuliza mtoto hajambo, akasema hajambo, usiku wa jana amelala vizuri sana.

Byamukama alinipigia kutoka milimani waliko kwenye doria, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akacheka. "Mke wangu amelogwa na kompyuta! Nikileta habari hiyo kwa afande, atanipa likizo ya kukupeleka Butabika kwa wagonjwa wa akili." Kisha akauliza, "Mtoto yuko sawa?" Nikasema yuko sawa. Na ni kweli yuko sawa.

Siku ya tatu ikaita namba nisiyoijua.

"Mama Tusiime."

Niliijua sauti. "Ndiyo, mama."

"Ulisema nini mu ile video?"

Nikamvuta Tusiime karibu.

"Mutoto hashiki chupa. Leo siku ya tatu. Hata ya kijiko anatema."

"Mpelekeni hospitali."

"Tulimupeleka. Daktari anasema hana kitu. Wauguzi wanatushangaa, wanasema huyu ameshiba." Akavuta pumzi. "Ameshiba, mama. Analala akinyonya hewa. Anacheka. Asubuhi mudomo yake iko na maziwa."

Nikakaa kitandani.

"Lakini anapungua," akasema. "Kila siku anapungua. Na mukono yake iko baridi."

"Ulinichukulia kitambaa," nikasema. "Ulimuuza mwanangu."

"Nililinda wangu."

"Na mimi nililinda wangu."

"Ndiyo," akasema, bila hasira kabisa. "Na wewe." Nikasikia nyuma yake mtoto anacheka. Kicheko kirefu, cha mtoto anayerushwa juu na kudakwa. Simu ikakatika.

Nimefikiri siku nzima. Mimi sikudanganya mtu. Nilimwambia mama mtoto wake yuko wapi, basi. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, na kila nikijiambia, maziwa yanashuka, yananilowesha nguo, kama yameitwa. Labda mtoto yule anahitaji titi la mtu aliye hai. Labda akilionja atakumbuka. Kesho asubuhi nitapanda boda mpaka Karambi. Jirani amesema atakaa na Tusiime, lakini sijui kama ni vizuri nimwache au niende naye, na sina wa kumuuliza. Benon hapokei simu zangu.

Nimetoka sasa hivi kuanua nguo kabla ya jua kuzama, niandae vitu vya safari. Kile kitambaa cha pili cha bata nilikianika mwenyewe leo asubuhi, katikati ya nepi.

Nepi ziko tano. Katikati yake kuna vibanio viwili, vimeshika kamba tupu, na kamba inanukia utomvu wa mgomba.